Kuushika Udongo na Kuyaficha Maji: Kazi ya Ukambani

Mtu atokaye Nairobi kwenda Wote au Kitui katika mwezi wa Septemba huiona nchi imekauka, mito haina maji bali mchanga mweupe, na vilima vina mistari kama mistari ya daftari la shule. Mistari hiyo si pambo. Ni matuta, na kila tuta lilichimbwa kwa jembe na sururu kwa mikono ya watu, na mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake. Zamani vilima hivyo hivyo vilikuwa uchi, na wageni waliovitazama walisema nchi hii inakufa. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi badiliko hilo lilivyopatikana, maana mambo hayakwenda kama wengi wanavyodhani, tena kazi yenyewe haijakwisha.

Kwanza yafaa tuifahamu mvua ya huko. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Mkulima wa sehemu nyingine huitumaini masika, lakini mkulima wa Kitui na Makueni huitegemea zaidi vuli, kwa kuwa masika humdanganya mara nyingi. Wala mvua hiyo haiji polepole. Huja kwa kishindo, pengine kwa saa moja au mbili tu, juu ya ardhi iliyopigwa na jua kwa miezi mitano na kulishwa mifugo hata ikawa ngumu kama sakafu. Maji yakikosa njia ya kuingia chini huteremka, na yakiteremka hayaendi peke yake. Huchukua tabaka ya juu ya udongo, ndiyo iliyo na rutuba, yakamwachia mwenye shamba changarawe.

Na udongo huo huenda wapi? Mto Athi hushuka ukaitwa Galana, kisha ukaitwa Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Mvua kubwa inaponyesha bara, wavuvi wa Malindi huiona bahari yao imegeuka rangi ya kahawia iliyoiva. Hawahitaji kusoma gazeti ili kujua kwamba kuna shamba la mtu linapita mbele yao.

Katika miaka ya 1930 hali ilikuwa mbaya sana, hasa katika wilaya ya Machakos, ambayo siku zile Makueni ilikuwa sehemu yake. Ukame ulifuatana na nzige, majani yakaliwa mpaka mizizi, na makorongo yakapasua malisho. Wakubwa wa Serikali ya kikoloni walisema ng'ombe ni wengi mno. Wakamba walisema ardhi ni ndogo mno, kwa kuwa mipaka ya rizavu iliwatenga na malisho waliyoyatumia baba zao. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, lakini upande mmoja tu ndio uliokuwa na askari. Mwaka 1938 Serikali ilianza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa pale Athi River kikiwangoja. Basi watu wakaondoka. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko kwa majuma mengi wakitaka kusikizwa na Gavana. Muindi alikamatwa akahamishwa Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka huo kwisha, Serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu liliiharibu kazi ya udongo kwa miaka mingi. Baada ya hapo kila afisa aliyefika na kamba ya kupimia alidhaniwa amekuja kuhesabu ng'ombe, au kuitafutia ardhi mwenyewe mwingine. Na nani angewalaumu watu kwa kudhani hivyo?

Wakati uo huo Marekani nayo ilikuwa na msiba wake. Katika nyanda za majani zilizo katikati ya nchi ile, wakulima walikuwa wamelima kwa tingatinga eneo kubwa lisilowahi kuguswa na jembe, kwa kuwa bei ya ngano ilipanda sana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukame ulipofika katika miaka ya 1930, hapakuwa na mizizi ya majani ya kuushika udongo, na upepo ukauchukua. Tarehe 14 Aprili 1935 ilitokea dhoruba ya vumbi iliyofanya mchana kuwa usiku, na Wamarekani wanaiita Jumapili Nyeusi mpaka leo. Mwezi huo huo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuanzisha idara ya kuhifadhi udongo, mkuu wake akawa Hugh Hammond Bennett, mtu aliyekuwa amepiga kelele juu ya jambo hilo kwa miaka mingi bila kusikizwa.

Walifanya nini? Walilima kwa kukingama na mteremko wala si kwa kuufuata. Walipanda mimea kwa vipande vya kupokezana, nafaka hapa na majani pale. Nchi iliyokuwa haifai kulimwa waliirudishia majani. Tena, tangu mwaka 1934 hata 1942, walipanda miti ya kuukinga upepo kutoka North Dakota mpaka Texas, yapata miti milioni 220. Lakini jambo tunalotaka msomaji alitie moyoni ni jingine. Huko Coon Valley, katika jimbo la Wisconsin, mahali kazi ilipoanzishwa kwa mfano mwaka 1933, mkulima alifanya mapatano ya miaka mitano na Serikali: yeye atalima kwa njia mpya, nao watampa mbegu, mbolea na vijana wa kumsaidia. Na tangu 1937 majimbo yalianza kupitisha sheria za kuwawezesha wakulima kuwa na wilaya zao wenyewe za kuhifadhi udongo, zenye wakuu waliowachagua.

Habari za vumbi la Marekani ziliwatia hofu watawala wa Afrika Mashariki. Colin Maher, aliyeongoza kazi ya kuhifadhi udongo katika Idara ya Ukulima ya Kenya, alisafiri mpaka Marekani kuitazama kazi hiyo kwa macho yake, akaiandikia taarifa. Matuta yakaletwa Kenya. Mapatano na uchaguzi, kwa maoni yetu, viliachwa melini.

Baada ya Vita vya Pili watu wa Ukambani walitolewa nje kwa amri ya machifu, asubuhi za siku zilizowekwa, wakachimbe. Asiyetokea alishitakiwa. Wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wake zao. Mtaro uliotakiwa siku zile ulikuwa mwembamba, na udongo wake ulitupwa upande wa chini. Wenyewe waliuita "fanya chini". Ulichimbwa upesi, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba afisa aliweza kuuhesabu kwa maili na kuuandika katika ripoti yake. Mvua ya kwanza iliujaza matope, ya pili ikaupasua, na maji yaliyokusanyika yakatoka kwa nguvu kuliko kama pasingekuwa na mtaro kabisa.

Sasa tazama tofauti ya neno moja tu. Katika "fanya juu" mtaro ni ule ule, upana wa futi mbili na kina cha futi mbili, lakini udongo hutupwa upande wa juu wa mteremko. Kazi ni ngumu zaidi, maana mtu anaipandisha beleshi badala ya kuishusha. Lakini tuta likisimama juu ya mtaro, huzuia udongo unaoteremka kutoka shambani. Kila mvua huongeza kidogo nyuma ya tuta. Mwenye shamba hulipandisha tuta kila mwaka, hupanda juu yake majani ya kushika, kama vile majani ya tembo au Makarikari, ambayo humfaa ng'ombe wake pia. Baada ya miaka michache mteremko uliokuwa mkali huwa ngazi pana zilizo karibu kuwa sawa, na mvua yenyewe ndiyo iliyozisawazisha. Mtaroni, ambako unyevu hukaa muda mrefu, watu hupanda migomba, mipapai na michungwa. Kupima usawa hakuhitaji mashine: fito mbili za urefu mmoja, uzi, na pima maji ndogo ya mwashi hutosha, na mabibi wengi wasiosoma huifanya kazi hiyo barabara.

Njia hii ilienea katika miaka ya 1950, wakati kazi ilipoanza kufanywa kwa mwethya. Mwethya ni desturi ya Wakamba ya tangu zamani: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, na kiongozi wao humchagua wenyewe. Jembe lilikuwa lile lile na jua lile lile, ila sasa mtu alijua kwamba zamu ya shamba lake itafika. Tena palikuwa na cha kuuza: mboga, matunda, na kwa wenye vilima vya baridi, kahawa, ambayo Waafrika walikuwa wamezuiwa kuipanda kwa muda mrefu.

Siku hizo hizo Makueni yenyewe ilikuwa ikifunguliwa. Ilikuwa pori lenye mbung'o, ambalo Serikali ililifyeka baada ya vita na kuwaweka wakulima kutoka vilima vilivyosongamana. Waliokubali kuhamia walipewa masharti juu ya idadi ya mifugo na kulima kwa matuta, na wengi walisita kwanza, wakiogopa kwamba ardhi si yao kweli.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 kazi ya lazima ilikwisha, na matuta mengine yaliachwa yakabomoka, kwa kuwa yalinuka ukoloni. Kisha likatokea jambo ambalo halikutazamiwa: watu waliyarudia wenyewe, bila chifu wala faini. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kinaonyesha kwamba wilaya ya zamani ya Machakos ilikuwa na watu wapata 240,000 mwaka 1932, na karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Na juu ya hayo mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mavuno ya kila maili ya mraba yalikuwa yameongezeka mara nyingi. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Machakos iko karibu na soko la Nairobi. Kitui iko mbali zaidi, ni kavu zaidi, na sehemu zake za mashariki hazijaona neema hiyo. Na tuta haliumbi mvua. Mwaka 1984 njaa iliingia hata nyumba zenye matuta mazuri, watu wakaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa na fedha mkononi, kwa kuwa hapakuwa na chakula cha kununua.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maji. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka kwa siku chache tu baada ya mvua, halafu hubaki mchanga. Lakini kina mama wa huko wajua tangu zamani kwamba mto uliokauka haukukauka wote. Hufukua mchangani, nao hupata maji. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya maarifa hayo. Katika miaka ya 1950 mhandisi aitwaye Classen alijenga mabwawa ya namna hii Ukambani, na mengine yangali yakitoa maji. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama na mto, umekaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, matope mepesi huruka juu ya ukuta na kwenda zake, lakini mchanga mzito huanguka nyuma yake. Baada ya misimu michache pamejaa mchanga mpaka ukingoni, na mgeni angesema bwawa limeharibika. Kumbe ndipo limekamilika! Robo ya ujazo ule, pengine zaidi, ni maji yaliyojificha kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui, na mbu hapati pa kutagia.

Vikundi vya kujisaidia vya Utooni, vilivyoanza kazi katika miaka ya 1970, na shirika la SASOL la Kitui, lililoanzishwa mwaka 1990, vimejenga mamia ya mabwawa hayo, wanakijiji wakitoa mawe, mchanga na nguvu zao. Ukuta ukikosa mwamba, au mabawa yake yakiwa mafupi, mto huuzunguka kwa ubavuni, na kazi ya mwaka mzima hupotea kwa usiku mmoja. Tena, vilima vya juu visipokuwa na matuta, kinachojaza bwawa ni matope wala si mchanga, na matope hayatoi maji. Kwa hiyo mwenye shamba kilimani na mwenye kuteka maji bondeni wamefungwa kamba moja, wapende wasipende.

Adui wa siku hizi ni lori. Nairobi inajenga maghorofa, na mchanga wa Ukambani ni mzuri kwa saruji. Malori huja usiku, vijana hupata fedha ya haraka, na kijiji kikiamka hukuta mto umebaki mwamba mtupu. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015: uchukuaji hutaka kibali, na mahali pengine mchanga hauguswi kabisa. Sheria hiyo imewaletea wengine uadui na majirani zao, maana kijana asiye na kazi haoni maji mchangani, huona karo ya wadogo zake. Na mchanga unaochukuliwa Makueni au Kitui hauulizwi jina unapofika kwenye kiwanja cha ujenzi mjini.

Wakati mzuri wa kuchimba mitaro ni Agosti na Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha na kabla ya vuli. Anayeanza na aanzie juu kabisa ya shamba, ndipo ashuke. Mtaro wa chini ukitangulia, maji ya juu yote yataungukia huo peke yake.