Mwiko Si Aibu
Mji wa Lamu ulisimamishwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mwaka 2001 UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia. Ulimwengu waitukuza kazi ya mwashi, nasi twamwonea haya mwana akishika mwiko!

Wazee wetu hawakuona hivyo. Katika miaka ya 1950, MIOME ya Mombasa ilifunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Njia ingali wazi. Vyuo vya ufundi humpokea hata aliyepata E katika KCSE, akaanza uashi, useremala, bomba au umeme. Naye aliyejifunza kazini aweza kutahiniwa na NITA: daraja la tatu, la pili, kisha la kwanza. Kibarua asiye na cheti hulipwa apendavyo mwenye kazi, hata ukuta wake ukikubaliana na timazi. Mwenye cheti ana la kujibu.

Basi mzazi, kabla hujauza kiwanja kwa karo ya somo asilolitaka mwanao, muulize mikono yake yapenda nini.