Je, Wajua? Black Mamba Kuukuu Bado Ina Safari

Je, wajua kuwa baiskeli ya Black Mamba iliyolala nyuma ya ghala huko Gachoka tangu mwenyewe anunue pikipiki huenda ingali nzima? Chuma chake ni kinene, na kutu nyingi ni ya juujuu. Kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, sugua maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na pale krenki zinapopita. Usipoona ufa, unayo baiskeli.

Je, wajua kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha upande mshale wa saa unakoelekea? Ya kulia ni kinyume chake. Zilitengenezwa hivyo ili mwendo wenyewe usizilegeze njiani.

Kota pini ndiyo mtihani wa fundi. Ni kipini cha chuma kilichochongwa ubavu mmoja, kinachobana krenki kwenye ekseli, na kikikaa miaka bila kuguswa hung'ang'ania kabisa. Jioni kimwagie mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, ukiache kilale hivyo. Asubuhi legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, lakini usiitoe, kwani ndiyo inayolinda thredi. Simamisha kipande cha bomba chini ya krenki, tundu lake likiingoja pini, kisha piga nyundo pigo moja la nguvu. Bila bomba hilo, pigo lote huishia kwenye gololi na vikombe vyake, na hapo umeanzisha ugonjwa mwingine.

Je, wajua kuwa tairi mbili zinaweza kuitwa inchi 28 na zisivalike kwenye rimu moja? Ile ya Black Mamba, 28 x 1½, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Ya baiskeli nyingi za kisasa ni milimita 622. Dukani soma namba iliyo ubavuni mwa tairi, usiamini neno la mdomo.

Raleigh za zamani kutoka Nottingham zina thredi 26 kwa inchi kwenye vikombe vya krenki. Kampuni nyingine nyingi zilitumia 24. Kikombe kikikataa kuingia, usikilazimishe.

Je, wajua kwa nini gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32? Mzigo uko nyuma. Mitungi mitatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60, na katika Mbeere kavu hiyo ni safari ya kawaida.

Vumbi la huku ni adui mkubwa kuliko mvua. Fungua habu ya nyuma utaona grisi iliyogeuka uji mweusi, nao ukiusugua kati ya vidole unasikia mchanga. Osha gololi kwa mafuta ya taa, uzihesabu: kwa kawaida ni 9 kila upande, za robo inchi. Moja ikiwa na kishimo, badilisha za upande huo zote, maana gololi mpya iliyochanganywa na zilizolika hubeba mzigo peke yake.

Je, wajua kuwa karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ikiloweshwa maji, huondoa kutu kwenye kromu bila kuikwaruza? Aluminiamu ni laini kuliko kromu. Rangi ya zamani nayo iache kama bado inashika. Naona ni dhambi kupaka rangi ya nyumba juu ya mistari ya dhahabu iliyochorwa kiwandani.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kufunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, na vijana wa Kinjah hujifunza kukarabati baiskeli pamoja na kuziendesha. Shule zetu za ufundi zingefanya vyema kuiga hilo.

Na breki? Zile za vyuma huvuta raba juu, zikabana upande wa ndani wa rimu. Raba ikiwa ngumu kama kwato, nunua mpya kabla ya kuteremka kutoka mjini Embu kuja Gachoka. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma huteleza; anza kushika breki mapema.