Viambishi Tamati na Uundaji wa Nomino Dhahania za Kiingereza

Nomino dhahania hutaja kisichoshikika: hali, sifa, cheo au tendo. Kiswahili huunda nyingi kati ya nomino hizi kwa kiambishi awali u-, kama katika uzuri, uhuru na ukarimu. Kiingereza hutegemea zaidi viambishi tamati, navyo ni vingi. Je, wingi huo una kazi, au ni masalio ya historia tu?

Tuanze na historia. Viambishi -ness, -hood, -dom na -ship vina asili ya Kigermaniki. Katika Kiingereza cha Kale, -hood na -dom vilikuwa maneno kamili: la kwanza lilimaanisha hali au cheo, la pili hukumu. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta -ity na -ment, vyenye asili ya Kilatini.

Tofauti hiyo ya asili ingali inasikika. Kiambishi -ness hupokea shina la asili yoyote bila kuligeuza: kind huwa kindness, polite huwa politeness. Kiambishi -ity hupendelea mashina ya Kilatini, na aghalabu hubadili matamshi yake: irabu ya sane hufupika katika sanity, na mkazo wa curious huhama katika curiosity. Ama -th ya warmth na length imeganda. Kwa kawaida haizalishi tena maneno mapya.

Upande wa maana ndio wenye uzito zaidi kwa mfasiri. Kutokana na child, Kiingereza kina childhood, yaani kipindi cha maisha, na childishness, yaani tabia. Kutokana na king kina kingship, cheo, na kingdom, nchi. Kiswahili husema utoto na ufalme, kisha huuachia muktadha uamue. Mfasiri asipokuwa mwangalifu, mtu mzima anayelaumiwa kwa tabia yake ataonekana anasimuliwa miaka yake ya awali.

Huu si upungufu wa Kiswahili. Panapohitajika, tunasema tabia ya kitoto au cheo cha ufalme. Basi mwanafunzi asikariri orodha ya viambishi. Ajiulize: shina hili lina asili gani, na kiambishi chake kinataja sifa, cheo, kipindi au eneo?