Mifumo ya Kompyuta na Madhehebu ya Dini: Mlinganisho na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza mlinganisho uliozoeleka miongoni mwa watumiaji wa kompyuta, yaani ule wa kuifananisha mifumo ya uendeshaji na dini. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia viungo vyote vya mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows, macOS, Linux na Android ni mifano yake. Kwa vile watumiaji huitetea mifumo yao kwa ari ya waumini, aghalabu mlinganisho huu huchukuliwa kuwa ni mzaha tu. Rai yetu ni kwamba mzaha huo una kiini cha kweli, na kiini hicho kinaonekana wazi zaidi katika lugha kuliko katika imani. Ushahidi tutautoa Kakamega na sehemu zinazopakana nayo.

2. Asili ya mlinganisho

Mwaka 1994 Umberto Eco, mtaalamu wa ishara na mwandishi wa riwaya wa Italia, aliandika katika jarida la L'Espresso kwamba Macintosh ni ya Kikatoliki na DOS ni ya Kiprotestanti. Kwa ufupi, hoja yake ni kuwa Macintosh humwongoza mtumiaji kwa picha, hatua kwa hatua, hadi afike salama. DOS nayo humwachia kila mtu kuyafasiri maandiko mwenyewe na kuubeba mzigo wa uamuzi wake. Windows aliiona kuwa mfano wa Uanglikana: sherehe zake ni za fahari, lakini njia ya kurudi kwenye DOS imeachwa wazi.

Wenye mashine wenyewe nao wameazima msamiati wa kanisa. Kampuni ya Apple, iliyotoa Macintosh mwaka 1984, ilikuwa na maofisa walioitwa wainjilisti, ambao kazi yao ilikuwa kuwavuta watunzi wa programu. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, huvaa joho na kujiita mtakatifu ili kuwachekesha wasikilizaji wake. Hoja yake, hata hivyo, si ya kuchekesha: programu ambayo mtu hawezi kuisoma, kuirekebisha wala kumgawia jirani humnyima uhuru.

3. Ushahidi wa Kakamega

Mlinganisho wa Eco unahusu tabia ya mfumo. Haugusi namna mtu anavyoupata. Hapa ndipo historia yetu inapotufaa. Uislamu ulifika Mumias pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Kisha Marafiki, yaani Wakweka, walianza kazi Kaimosi mwaka 1902. Kima, ambako baadaye palikuwa makao ya Kanisa la Mungu, misheni ilianza 1905. Wakatoliki wa Mill Hill walikaa Mukumu, na Waanglikana wakafika Butere mwaka 1912. Aghalabu mtoto alibatizwa na kanisa lililojenga shule karibu na kwao. Hakukaa akalinganisha mafundisho kisha akachagua. Vivyo hivyo mwanafunzi wa leo hutumia Windows kwa kuwa ndiyo aliyoikuta shuleni, na Android kwa kuwa ndiyo iliyomo katika simu ambayo mzazi wake anaimudu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kila misheni ilikuja na kalamu yake. Marafiki, kwa juhudi za Emory Rees na Joel Litu, walikiandika Kimaragoli. Kanisa la Mungu likaandika Kinyore, na Waanglikana wakashughulikia Kiwanga. Katika miaka ya arobaini iliundwa kamati ya kutafuta Kiluhya kimoja cha maandishi, na kazi aliyoifanya Lee Appleby kwa miaka mingi ilizaa Biblia ya Kiluhya mwaka 1975. Lakini Wamaragoli walikuwa na Biblia yao nzima tangu 1951, nao waliendelea nayo. Mipaka ya misheni ikawa mipaka ya maandishi, na kamati iliyokuja baadaye haikuweza kuifuta.

Kiswahili nacho kilipitia njia hiyo. Wakatoliki wa zamani waliandika Yezu Kristu, Waprotestanti Yesu Kristo. Huku kuna padre na misa, kule mchungaji na ibada. Biblia ya Kiunguja ilitoka 1891 na ya Kimvita 1914, na ilichukua hadi 1952 kupata Biblia moja ya kuziunganisha.

4. Istilahi za kompyuta

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikatoa tafsiri ya Kiswahili ya Windows na Office. Kambi mbili, kila moja na orodha yake ya maneno. Na nje ya kambi hizo shule, magazeti na mabaraza ya lugha yalikuwa yakiunda yao. Ndiyo maana leo tuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kipanya na puku. Nywila na nenosiri. Folda na kabrasha.

Visawe peke yake si dhambi. Mkatoliki na Mrafiki huelewana sokoni bila mkalimani. Madhara huanza mwanafunzi anapojifunza neno moja kwa ajili ya mtihani, akafungua mashine na kukuta jingine, kisha akairudisha mashine kwenye Kiingereza. Katika madarasa yetu hapa Kakamega jambo hili si geni. Mwanafunzi huyo huhitimisha kwamba istilahi za Kiswahili ni za kujibia maswali, wala si za kufanyia kazi. Hata Ubuntu, toleo la Linux lililotoka mwaka 2004, aghalabu hufunguliwa kwa Kiingereza, ingawa jina lake ni ndugu wa damu wa utu wetu, na shina lake ndilo la mtu wa Kiswahili na omundu wa Kiluhya.

5. Mipaka ya mlinganisho

Haifai tuuvute mlinganisho huu kupita kiasi. Dini humsaili mtu juu ya kifo na haki. Mfumo wa uendeshaji hauna neno katika hayo. Tena mashine moja yaweza kubeba mifumo miwili bila ugomvi, jambo ambalo wazee wa kanisa wasingeliridhia.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mifumo hufanana na madhehebu katika mambo mawili: hupokewa kwa ujirani kuliko kwa hiari, na huacha msamiati ambao ni vigumu kuung'oa. Katika Buluhya, waliotangulia kuchapa ndio walioamua, na wanaisimu walifika maandishi yakiwa yamekwisha kuota mizizi. Biblia ya 1952 inatuonyesha kuwa muungano unawezekana, lakini pia kwamba uligharimu miongo mingi. Hatuna budi, basi, kuketi na watunzi wa programu kabla tafsiri haijaingizwa katika mashine, na kukubaliana nao juu ya maneno machache ambayo mtumiaji huyaona kila siku. Tukingoja kuyasahihisha baadaye, tutakuwa ile kamati ya miaka ya arobaini.