Kompyuta ya steshenari isikuuzie siri ya bei

MFANYABIASHARA wa mahindi anayenunua mzigo Kibaigwa, mkoani Dodoma, mara nyingi hana kompyuta yake. Akitaka kuwasilisha ritani ya kodi TRA, kusajili jina la biashara Brela au kumjibu mteja kwa barua pepe, huingia duka la steshenari, huketi kwenye kompyuta iliyotumiwa na watu wengi tangu asubuhi, hulipa na kuondoka.

Anachosahau ni kuwa kompyuta hiyo inakumbuka. Kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti, hutunza orodha ya kurasa zilizotembelewa na vidakuzi vinavyoifanya tovuti imtambue mtu. Hutunza hata neno la siri, pale mtu anapokubali bila kusoma alichoulizwa. Anayekalia kiti hicho baadaye anaweza kuikuta barua pepe iko wazi na kusoma bei aliyopewa mteja. Kwa lori la tani 10, mshindani akipunguza shilingi 20 tu kwa kilo, ofa yake inakuwa nafuu kwa Sh200,000, na mteja amekwenda.

Kinga ya hatari hiyo ipo, na ni ya bure. Inaitwa hali fiche, na ilianza kwenye kivinjari cha Safari cha kampuni ya Apple mwaka 2005. Chrome ya Google ikafuata mwaka 2008, kisha Internet Explorer na Firefox mwaka 2009.

Kwenye Chrome, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na N. Litafunguka dirisha jeusi lenye neno Incognito. Edge hutumia vitufe hivyo hivyo, ila yenyewe huliita InPrivate. Kwenye Firefox, badala ya N ni P. Kwa simu yenye Chrome, gusa nukta tatu, uchague kichupo cha Incognito.

Kazi ikiisha, toka kwanza kwenye akaunti, kisha funga madirisha yote ya siri. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukifunga moja na kuacha jingine limejificha chini ya skrini, kivinjari huhesabu kuwa bado unaendelea, na akaunti yako hubaki wazi.

Kosa la pili ni mafaili. Ankara au cheti ulichopakua hubaki kwenye folda la Downloads hata kama ulitumia dirisha la siri. Lifute, kisha lifute tena kwenye kapu la taka. Na wapo wanaohangaika na yote hayo, halafu wanamtumia mhudumu mkataba mzima kwa WhatsApp ili auchapishe! Hapo hakuna kivinjari kitakachosaidia. Afadhali uuchapishe mwenyewe, au umwombe mhudumu aufute ukiwa umesimama pale pale.

Aidha, hali fiche haimfichi mtu kwa kila jicho. Kampuni inayotoa huduma ya intaneti bado inaweza kuona tovuti unazofungua, na tovuti yenyewe inajua umeingia. Kama kompyuta imewekewa programu ya kunasa vitufe vinavyobonyezwa, neno lako la siri litanaswa vile vile. Nchini Marekani watumiaji waliishitaki Google mwaka 2020 wakidai iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa Incognito. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Kwa sababu hiyo, masuala ya benki ni heri kuyafanyia kwenye simu yako mwenyewe, hata kama kioo ni kidogo. Steshenari ibaki ya ritani, usajili na kuchapisha.

Aliyekwisha kutumia dirisha la kawaida bado hajachelewa. Akifika nyumbani abadili neno la siri kwa simu. Anayetumia Gmail afungue mipangilio ya usalama ya akaunti yake, aangalie orodha ya vifaa vilivyoingia, na akiiona kompyuta ile ya dukani aiondoe.