Jina Moja, Jamaa Nyingi

Kule Uholanzi jina Visser maana yake ni mvuvi, Bakker ni mpika mikate, Jansen ni mwana wa Jan. Wavuvi walikuwa wengi, basi usizani kila Visser ni wa babu mmoja. Mwaka 1811 amri ya Napoleon iliagiza wasio na jina la jamaa wachague moja na kuliandikisha. Leo watu wanasaidiana kwenye intaneti kutafuta mababu: huyu anaandika, yule anaongeza. Ni vizuri, lakini kosa la mmoja, wengi wanalinakili. Mwenye kutafuta asiunganishe watu kwa jina tu. Aangalie karatasi ya kuzaliwa ao ya ndoa. Kwa miaka ya mbele ya 1811, kitabu cha ubatizo cha kanisa. Bila hivyo, atajikuta anaheshimu babu wa wengine!