Gari Limekaguliwa, Daftari Halijapata Habari

Katika England, Scotland na Wales, gari la binafsi likishatimiza miaka 3 tangu kuandikishwa, mwenyewe hana budi kulipeleka kila mwaka kwa fundi aliyepewa idhini na serikali, ambaye hulichunguza breki, taa, usukani, matairi na moshi, kisha akakata shauri iwapo lafaa kutembea barabarani au halifai. Ukaguzi huo, uitwao MOT kwa kufuata jina la Wizara ya Uchukuzi iliyouanzisha mwaka 1960, uliyahusu hapo kwanza magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi. Lakini kwa vile mengi yalidhihirika kuwa mabovu, umri huo ulipunguzwa hata kufikia ule wa sasa mwaka 1967.

Zamani hizo shahada ya ukaguzi ilikuwa karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa ithibati: askari akimsimamisha dereva, aliitaka, akaisoma, na shauri likaishia hapo. Kuanzia mwaka 2005 gereji za ukaguzi zikaunganishwa na daftari moja la kompyuta, na tangu hapo yaliyo asili ni maandishi ya daftari, ilhali karatasi apewayo mwenye gari imebaki kuwa nakala. Manufaa yake hayakanushiki. Wenye kughushi hati walizibiwa njia, na maili zilizotembewa zikawa zinaandikwa hadharani kila mwaka, hata mtu wa Mombasa anayetaka kuagiza gari lililotumika huko aweza, kwa kujua nambari yake ya usajili tu, kutambua kama maili zimepunguzwa kwa hila. Lakini mwaka 2014, ilipoondolewa ile stika ya kodi iliyobandikwa kiooni, gari halikusalia na alama yoyote ya nje ya kulitetea. Kamera za polisi husoma nambari, na daftari ndilo lijibulo.

Taabu huzuka pale ambapo gari lililopita ukaguzi laendelea kuonekana daftarini kwamba muda wake umekwisha. Sababu ya kwanza ni kuwa matokeo hayajiandiki yenyewe: mkaguzi ndiye afunguaye ukaguzi katika mtambo na kuufunga amalizapo, na asipoufunga, gari hilo mbele ya serikali bado halijakaguliwa. Mtambo ukizimika kwa muda mrefu, DVSA, idara ya serikali inayosimamia ukaguzi, huziruhusu gereji kutoa hati za dharura zilizoandikwa kwa mkono, ambazo huja kuingizwa daftarini baadaye.

Sababu ya pili ni wingi wa madaftari. DVSA huhifadhi habari za ukaguzi. DVLA, idara nyingine ya serikali yenye makao yake Swansea, huhifadhi usajili na kodi. Na makampuni ya bima nayo yana daftari lao. Kila moja hutegemea kupata habari kwa mwenziwe, na habari hiyo aghalabu hufika upesi, lakini si kila mara.

Sababu ya tatu ni mkono wa mwanadamu. Mkaguzi aweza kuandika herufi O palipostahili sifuri. Au gari likawa limebadilishiwa nambari karibuni, kwa kuwa huko nambari huweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na ukaguzi ukaandikwa kwa ile ya kale. Hapo kungoja hakufai kitu, maana daftari halikuchelewa. Limekosea, na kosa haliondoki mpaka litajwe.

Madhara yake huwaangukia watu waliotimiza wajibu wao. Pasipo ukaguzi kuonekana, kodi ya gari hailipiki kwa njia ya intaneti. Na faini ya kutokuwa na ukaguzi yaweza kufika pauni 1,000. Ni kweli kwamba sheria huuangalia ukaguzi wenyewe, wala mwenye hati halali hana hatia kwa sababu daftari limenyamaza; lakini dhima ya kuthibitisha imekwisha kuhamia mabegani mwake, akiwa kandokando ya barabara, mbele ya askari.

Kwa hiyo mwenye busara hangoji siku ya mwisho, kwani sheria yamruhusu kulipeleka gari likaguliwe mapema kwa mwezi mmoja kasoro siku moja bila kupoteza tarehe yake ya mwaka. Kabla ya kuondoka gerejini husoma nambari ya gari na ya chesisi zilizoandikwa katika hati, huitunza karatasi ile, kisha hutazama daftari mwenyewe. Na asipoyaona matokeo, huirudia gereji kwanza, maana ndiko habari inakoanzia.

Serikali nayo ina wajibu wake, na neno hili lazihusu pia nchi zetu, kama Kenya, ambako huduma za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, zimehamishiwa katika tovuti ya serikali ya eCitizen. Inapoifanya kompyuta kuwa shahidi pekee, sharti ikubali kuwa shahidi huyo huchelewa. Tarehe ya haki iwe ile ambayo gari lilikaguliwa, hati ya gereji ikubaliwe na askari na karani hadi maandishi yatakapofika, na gharama ya ucheleweshaji ibebwe na mwenye kulishika daftari, kwa maana raia hana mkono ndani yake.